Kesho Maji Hayatoki: Jinsi ya Kuandika kwa Sauti Yako Mwenyewe

Kila wiki swali ni lile lile, anayeuliza tu ndiye mwengine. Kijana kanitumia hadithi yake, kurasa nne, na chini kaandika: "Da, nikiwahadithia wenzangu wananyamaza kunisikiliza. Wakisoma nilichoandika hawafiki hata ukurasa wa pili. Nakosea wapi?" Mama mmoja wa Jang'ombe anapika mikate ya kumimina ya kuuza. Anataka maneno mawili matatu ya kuweka chini ya picha, na kila akiandika yanatoka kama tangazo la zabuni. Mwengine kaombwa aseme machache kwenye mahafali ya madrasa ya mwanawe, kaandika hotuba ambayo yeye mwenyewe anajikwaa akiisoma. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Sasa nayaweka yote hapa.

Kwanza nikupe kisa kilichonifunza mimi.

Zamani nilifanya kazi kwa muda katika ofisi moja hapa Unguja, na kazi yangu ilikuwa kuandika matangazo. Siku moja nikaandika hivi: "Wananchi wote mnatangaziwa kuwa kutakuwepo na usitishwaji wa muda wa huduma ya maji safi na salama kwa lengo la kupisha matengenezo ya miundombinu." Mkubwa wangu akalipenda, likabandikwa. Jioni bibi mmoja jirani yangu akanisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, ile karatasi pale dukani yasemaje?"

"Kesho maji hayatoki, bibi. Jaza ndoo zako leo."

Akanitazama. "Basi si ungeandika hivyo."

Kesho yake nyumba kadhaa za mtaa wetu hazikuwa na tone la maji, na karatasi wenyewe wameipita mara kumi. Lililoniuma ni kwamba maneno mazuri nilikuwa nayo. Yalinitoka bila kufikiri, mara tu nilipomwona mtu usoni. Mwongozo huu wote unafanya kazi hiyo moja: kumrudisha mtu mbele ya macho yako wakati unaandika.

Kabla hujaanza

Tafuta vitu hivi, vyote viko karibu nawe:

- Simu inayorekodi sauti. Ya bei yoyote.
- Daftari na kalamu. Ukipenda kuchapa kwenye simu chapa, lakini zima ule usahihishaji wa kujiendesha, maana hubadilisha Kiswahili chako ukawa hujui umeandika nini.
- Kamusi. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na ndani yake utayakuta maneno mengi ya huku kwetu.
- Jambo moja unalolijua kwa macho na mikono yako.
- Saa moja ya kusikiliza watu. Hii wengi huiruka, na ndiyo inayowaangusha.

Hiyo saa moja uitumie vizuri. Mwanamme ana baraza lake, kahawa chungu na kashata, watu wanacheza bao au dhumna. Sisi wanawake tuna uwani, tuna ukili mikononi, tuna jikoni kwa harusi wakati wa kumenya vitunguu. Kaa, nyamaza, sikiliza jinsi mtu anavyoanza kisa, anapopumzika, anaporudia neno na kwa nini amelirudia. Usirekodi watu bila ya kuwaomba. Na mambo ya ndani ya nyumba ya mtu uliyoyasikia pale, yaache pale pale. Unachokwenda kuchukua ni mwendo wa maneno.

Neno moja la tahadhari. Ninayoeleza ni kwa hadithi, kumbukumbu, matangazo ya mtaani, maelezo ya biashara yako, hotuba fupi, barua kwa unayemjua. Mkataba, hati ya shamba na barua ya kuomba kazi vina taratibu zao, usizichezee.

Hatua ya 1. Chagua mtu mmoja

Andika jina lake juu ya karatasi. Usiandike "vijana", "wateja" wala "jamii". Andika Shangazi, au yule mwenzio mliyekaa dawati moja skuli. Mtu wa kweli, unayejua atacheka wapi na atakukatiza wapi kukuuliza. Kazi ikiisha utalifuta jina, hakuna atakayejua.

Mama wa mikate nilimwambia: mteja wako wa mwanzo ni nani? Akamtaja. Nikamwambia, mwandikie yeye, kama vile anapita mlangoni na mkate ndio kwanza unatoka jikoni. Aliandika: "Wa leo una iliki, bado wa moto. Ukichelewa utakuta sahani." Hakuwahi kuandika kitu kizuri kuliko hicho.

Hatua ya 2. Sema kwa mdomo kabla ya kuandika

Washa kinasa sauti, mtaje yule mtu kwa jina, umhadithie dakika tatu mpaka tano. Usisome popote. Ukikosea endelea, ukisahau jambo rudi ulitaje, kama unavyofanya siku zote.

Hatua ya 3. Nakili neno kwa neno

Sikiliza kidogo, simamisha, andika. Kila kitu: "aa", "yaani", sentensi iliyokatika, neno ulilolirudia mara tatu. Kazi hii inachosha, dakika tatu za sauti zinaweza kukula nusu saa. Usiifupishe. Hapa ndipo unapoona kwa macho yako jinsi unavyozungumza, na watu wengi hawajawahi kujiona.

Nikuoneshe kwa mfano. Kijana mmoja wa Pemba aliniletea insha juu ya karafuu. Ilianza hivi:

"Zao la karafuu ni miongoni mwa mazao muhimu ambayo yamekuwa yakichangia kwa kiasi kikubwa katika kuinua hali ya kiuchumi ya wananchi wa kisiwa cha Pemba. Katika kipindi cha msimu, shughuli za uanikaji hufanyika kwa ushirikiano wa wanafamilia wote."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini hakuna mtu pia. Nikamwambia aiweke karatasi chini, aniambie yeye anakumbuka nini katika kuanika. Simu ikarekodi:

"Aa, bibi alikuwa... yaani mchana hatulali. Karafuu ziko juani, basi wingu likitokea tu upande wa Kojani, wingu dogo tu, bibi anapiga ukelele, mvua hiyo! Basi hapo hakuna mkubwa hakuna mdogo, kila mtu na jamvi lake. Mimi siku moja, siku moja nilikuwa naoga. Nimekusanya karafuu na sabuni masikioni."

Hatua ya 4. Kata, lakini usiue

Sasa chukua kalamu. Ondoa "aa" na "yaani". Ondoa marudio yaliyotoka kwa kutafuta neno. Yaache yale yaliyotoka kwa hisia. Panga tukio la kwanza litangulie la pili. Usiongeze maneno ya kupamba.

Yule kijana alifikia hapa:

"Msimu wa karafuu mchana hatulali. Wingu likitokea upande wa Kojani, wingu dogo tu, bibi hupiga ukelele: 'Mvua hiyo!' Hapo hakuna mkubwa wala mdogo, kila mtu na jamvi lake. Siku moja ilinikuta naoga. Nilikusanya karafuu na povu la sabuni masikioni."

Tazama alichokiacha. "Wingu dogo tu" ni marudio, na kalibakisha, kwa sababu ndilo linaloonesha hofu ya bibi. "Basi" zote mbili kazitoa. Uchumi hajautaja hata mara moja, na msomaji keshajua karafuu ni mali, maana hakuna anayetoka chooni na sabuni kukimbilia kitu kisicho na thamani. Baadaye aliongeza mchumaji anavyolipwa kwa pishi, na jioni za kuchambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, taa ikiwa katikati ya duara. Mambo hayo yakaingia yenyewe, bila kutangulizwa na "ikumbukwe kwamba".

Hatua ya 5. Rudisha kazi kwa kitenzi

Kiswahili nguvu zake ziko kwenye kitenzi. Anayeanza huliogopa hilo, akakifanya kitenzi kuwa jina, kisha akakiongezea "kufanya", "kutoa" au "kumekuwepo na". Pitia maandishi yako ukitafuta haya:

- "alifanya maamuzi ya kuondoka": aliamua kuondoka
- "walitoa msaada kwa majirani": waliwasaidia majirani
- "kulikuwa na ucheleweshwaji wa boti": boti ilichelewa
- "kumekuwepo na ongezeko la bei ya samaki": samaki wamepanda bei

Kisha angalia "ambaye, ambayo, ambacho". Mdomoni hatuzitumii sana. "Mama ambaye anauza urojo" ni mama anayeuza urojo. "Nyumba ambayo tulikuwa tunaishi" ni nyumba tuliyokaa. Si zote za kuondoa. Pengine sentensi inakataa bila "amba", na hapo iache. Lakini ukihesabu nne katika aya moja, ujue umeacha kuzungumza.

Na usisahau -ka-. Anayeanza huandika: "Alifika. Alivua viatu. Aliingia ndani. Aliomba maji." Inasikika kama ripoti ya polisi. Sema ulivyozoea: alifika, akavua viatu, akaingia, akaomba maji. "Alifika" moja inafungua mlango, zilizobaki zinafuatana. Vivyo hivyo na hu-: badala ya "babu ana mazoea ya kunywa kahawa kila alfajiri", babu hunywa kahawa kila alfajiri.

Jengine ni mpango wa maneno. Sisi hupenda kutanguliza kile tunachokizungumzia. "Chai nshakunywa, mkate ndio bado." "Karafuu tumeanika, mvua ndiyo hatuijui." Ukiandika "nimeshakunywa chai lakini sijala mkate", maana ni ile ile, ila yule mtu mwenye njaa kapotea.

Hatua ya 6. Vineno vidogo

Hii ndiyo hatua niipendayo. Chukua neno moja tu, "amerudi", ulisikilize:

Amerudi. Natoa habari.
Kumbe amerudi! Sikuwa nikijua, na jambo limegeuka.
Ati amerudi. Nimesikia kwa watu, dhamana sichukui.
Mbona amerudi? Sikumtarajia, na pengine sikumtaka.
Si amerudi? Nawe wajua, usijifanye hujui.
Haya, amerudi. Tulichokuwa tukikingoja kimefika, tuendelee.

Kitenzi hakikubadilika hata herufi, na umepata watu sita tofauti. Vineno hivi, pamoja na "basi", "hebu", "kwani", "tena" na "jamani", ndivyo vinavyobeba uso wa msemaji kwenye karatasi. Mtu akiniletea kurasa tatu zisizo na hata "kumbe" moja, najua kaandika akiwa peke yake chumbani, hana wa kumwambia.

Vitumie kwa kipimo cha chumvi. Kimoja kwa aya, na aya nyengine bila. Ukivijaza kila sentensi msomaji atahisi unamvuta nguo.

Hali ni hiyo hiyo kwa vile viigizi tulivyokuzwa navyo: kimya jii, giza totoro, kulowa chepechepe, kulala fofofo, kujaa pomoni. Kimoja kikiwa mahali pake kinamaliza kazi ya sentensi mbili.

Hatua ya 7. Maneno ya kwenu

"Nikiandika tungule, watu wa bara wataelewa?" Wataelewa, ukilitia neno ndani ya kazi yake. "Akakatia tungule mbili kwenye mchuzi, ukaanza kuwa mwekundu." Hapo hakuna asiyejua kuwa ni nyanya. Mbatata, boflo, skuli, dakhalia, sheha: yaandike, na sentensi iyaeleze. Usiweke maelezo ya kamusi katikati ya kisa.

Kwa matamshi kuwa mwangalifu zaidi. "Nshakwambia" na "n'nakuja" viweke kwenye mazungumzo ya wahusika, hapo vinapendeza. Kwenye maelezo yako mwenyewe andika "nimeshakwambia" na "ninakuja", isipokuwa kisa chote kinasemwa na mhusika mmoja tangu mwanzo. Na ikiwa unaandika maneno ya mtu wa Makunduchi, Tumbatu au Micheweni na wewe si wa huko, muombe mwenyeji akusomee kabla hujamtolea mtu. Kumsemesha mtu lugha yake kombo ni kumdhalilisha.

Hatua ya 8. Soma kwa sauti, umesimama

Kwa nini umesimama? Kwa sababu pumzi hukatika upesi, na pumzi ikikatika katikati ya sentensi, sentensi ni ndefu. Pale ulipojikwaa tia alama. Pale sauti yako ilipogeuka ikawa ya kusoma taarifa ya habari, tia alama mbili. Rekebisha hizo tu.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kuanza na "Wahenga walisema". Methali ni nzuri ikitokea pale inapotokea mdomoni, yaani mtu akiwa hana njia nyengine ya kulisema jambo. Ikiwekwa mlangoni, msomaji anajua kila kitakachofuata.

Kuanza na salamu za aya nzima. Salamu ni adabu, ipe mstari mmoja, kisha sema ulilojia.

Kudhani kuzungumza ni kuandika "xaxa" na "cjui". Hizo ni njia za kufupisha kazi ya kidole. Tahajia yako iwe safi ili msomaji asikie sauti bila ya kukwama kwenye herufi.

Kuazima maneno ya mitaani ya vijana wa Dar es Salaam wakati wewe husemi hivyo nyumbani. Msomaji wa Kengeja atajua, na wa Dar es Salaam atajua zaidi.

Misemo ya jukwaani: "mwisho wa siku", "kwa siku ya leo", "nichukue nafasi hii", "suala zima la". Jiulize kama umewahi kumwambia mama yako "nichukue nafasi hii kukushukuru kwa chai". Kama hujawahi, futa.

Ukikwama

"Nikiwasha kinasa sauti nakuwa mgumu." Hutokea kwa wengi. Rekodi ukiwa na kazi mikononi: kukuna nazi, kupiga pasi, kushona wavu. Mikono ikishughulika mdomo husahau kuwa unasikilizwa. Au mtumie mtu ujumbe wa sauti wa kweli, kisha unakili huo.

"Nawaandikia watu wazima, si nitaonekana sina adabu?" Nalielewa swali hili, maana kwetu huwezi kumsemesha mkubwa ovyo. Lakini hebu jisikilize unapozungumza na shangazi yako. Unasema naye kwa raha, unacheka naye, na adabu haijakutoka hata kidogo. Imo ndani ya "shikamoo", ndani ya kumwita kwa cheo chake, ndani ya yale unayoamua kuyasitiri. Iandike adabu hiyo hiyo. Maneno marefu ya ofisini hayaongezi heshima. Mara nyingi humwacha mtu mzima nje ya mlango, kama nilivyomfanyia yule bibi.

"Mwalimu kasema hii si lugha sanifu." Mwombe akuoneshe neno gani. Ikiwa ni tahajia au upatanisho wa ngeli, ana haki, sahihisha na mshukuru. Ikiwa ni neno la nyumbani, litafute kwenye kamusi kwanza. Kumbuka kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, ni Kiunguja kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kuusimamia usanifishaji wenyewe. Kwa hiyo mengi unayoyaonea haya ndiyo mizizi ya hicho Kiswahili sanifu. Mjibu kwa upole, ukiwa na kamusi mkononi.

"Inakuwa ndefu mno." Funika aya ya kwanza kwa kiganja, uanze kusoma ya pili. Ukiona hakuna kilichopotea, ifute. Kwa wanaoanza ninaowasomea, mara nyingi aya ya kwanza ni kukohoa kabla ya kusema.

"Mwanzo nasikika mimi, katikati nageuka." Angalia palipogeuka. Mara nyingi ni pale ulipofika kwenye jambo usilolijua vizuri, ukajificha nyuma ya maneno makubwa. Kaulize kwanza. Ukijua pishi inavyopimwa au kamba ya mwani inavyofungwa, utaieleza kama unavyoeleza njia ya kwenu.

"Nimefuata yote, na bado nahisi si mimi." Toa nakala isiyo na jina lako, umpe mtu anayekujua tangu mtoto. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize ni wapi kasikia sauti yako, apige mstari. Huenda akapiga mstari chini ya sentensi moja tu katika kurasa mbili. Chukua karatasi mpya, iandike sentensi hiyo juu kabisa, uanzie hapo.